Deni la Mchora Ramani

Ramani ni kitu cha heshima. Humwonyesha msafiri njia asiyopata kuipita, humpa nahodha hakika ya bandari asiyoiona, na humwezesha mtawala kuitazama nchi nzima juu ya meza moja. Kwa sababu ya manufaa hayo, watu wamezoea kuiamini ramani kuliko wanavyomwamini mtu. Mtu akisema kwamba mahali fulani hapana kijiji, huulizwa kama alifika. Ramani ikinyamaza juu ya kijiji hicho, aghalabu haiulizwi neno. Kimya chake huchukuliwa kuwa ni ushahidi.

Katika zama hizi imezuka ramani ya namna nyingine. Haichori mito wala milima, huchora wanachuoni. Kila mwandishi huwa duara, na kila uhusiano baina ya waandishi wawili huwa mstari. Atajwaye mara nyingi na wenzake hupewa duara kubwa, atajwaye kwa nadra hupewa duara dogo, na asiyetajwa hapewi kitu. Ramani hii yaweza kuchorwa kwa elimu yoyote: tiba, kemia, sheria au lugha. Lakini ipo elimu moja ambayo, ramani hiyo inapochorwa, huzuka swali zito la maadili. Kwa kuwa elimu yenyewe ilizaliwa kwa kukataa kwamba mtu huwa mahali pamoja tu, na kwamba dunia ina kitovu kimoja. Elimu hiyo ni tawi la jiografia ya binadamu lichunguzalo mafungamano ya mahali na mahali. Swali ni hili: mtu achoraye ramani ya wajuzi wa mafungamano hayo ana deni gani kwa wale wasioonekana ndani yake?

Yafaa kwanza elimu hiyo ifahamike. Jiografia ya binadamu huchunguza jinsi watu wakaavyo juu ya ardhi, wanavyoigawa, wanavyoihama na wanavyoirudia. Kwa muda mrefu ilikuwa desturi kumhesabu mtu mahali pamoja. Alikuwa wa mjini au wa shamba, mwenyeji au mhamiaji, ameondoka au amebaki. Maisha hayakuukubali mgawanyo huo. Mwanamume afanyaye kazi Nairobi, na mkewe akalima shamba lao Kakamega, hakai mahali pamoja. Mshahara wa mjini hununua mbegu. Mahindi ya shambani hulisha watoto waliopelekwa mjini kusoma. Mgonjwa huletwa mjini kwa tiba, na maiti hurudishwa nyumbani kwa maziko. Nyumba ni moja, mapaa ni mawili. Anayehesabu paa moja tu huihesabu nusu ya nyumba na kudhani ameimaliza.

Wataalamu waliliona jambo hilo kwa njia mbalimbali. Mwaka 1991 Doreen Massey, mwanajiografia wa Uingereza, alieleza barabara ya Kilburn mjini London, yenye magazeti ya Ayalandi na duka lenye sari dirishani, akaonyesha kwamba mahali si kitu kilichozungushiwa ukuta, bali ni makutano ya mafungamano yatokayo mbali. Katika miaka ya 1990 Arjun Appadurai, aliyezaliwa Bombay, alieleza jinsi watu wanaohama wanavyounda ujirani usiofuata mipaka ya dola. Mwaka 2010 Ulrike Freitag na Achim von Oppen walihariri kitabu juu ya fikra hiyo, iitwayo translokaliti, wakitaka dunia itazamwe kwa macho ya watu wa kusini. Na mwaka 2011 Katherine Brickell na Ayona Datta walihariri kingine juu ya jiografia yake. Mwaka huo wa 2010 Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, alitoa kitabu juu ya ustaarabu wa majahazi katika Bahari ya Hindi, akaeleza jinsi pepo za kaskazi na kusi zilivyozifanya bandari zilizo mbali ziwe jirani.

Hayo hayakuwa mageni kwa wale walioyaishi. Mzee wa Lamu hakungoja kitabu ili ajue kwamba ana ndugu Mukalla, wala mama wa Kakamega hakungoja istilahi ili ajue kwamba nyumba yake inafika Nairobi. Elimu iliwakuta njiani. Hili si aibu kwa elimu, kwani kazi yake kubwa ni kukipa jina na mpango kile ambacho watu wanakijua bila ya mpango. Lakini ni jambo la kukumbukwa katika yote yafuatayo: katika tawi hili la elimu, mjuzi wa kwanza si mwandishi. Mjuzi wa kwanza ni yule aliyesafiri.

Sasa, asili ya ramani ya wanachuoni ni kazi ya mawakili. Katika Marekani, tangu mwaka 1873, mawakili walikuwa na faharasa ya Shepard, iliyoonyesha hukumu gani imetajwa katika hukumu zipi zilizofuata, ili wakili asisimame mbele ya hakimu akiegemea hukumu iliyokwisha kutanguliwa. Mwaka 1955 Eugene Garfield alipendekeza kwamba desturi hiyo ihamishiwe katika sayansi, na mwaka 1964 faharasa yake ya marejeo ya sayansi ilikuwa imekwisha kutolewa mjini Philadelphia. Mwaka 1965 Derek de Solla Price alionyesha kwamba makala za sayansi, zikifungwa pamoja kwa marejeo yake, hufanya mtandao mmoja mkubwa, na kwamba mtandao huo waweza kuchunguzwa kama mtu achunguzavyo njia za nchi. Leo hesabu hizo hufanywa na kompyuta. Programu kama VOSviewer, iliyotengenezwa Leiden, Uholanzi, na kuelezwa na watengenezaji wake mwaka 2010, huweza kuchukua maelfu ya makala na kuyatoa marejeo yake kwa sura ya picha, yenye maduara, mistari na rangi. Kazi ambayo ingemchukua mtu maisha yake huisha kabla chai haijapoa.

Haki yataka ramani hiyo isikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Mwanafunzi aingiaye katika elimu hii hukuta makala nyingi kupita nguvu za macho yake. Hajui aanzie wapi, nani alimjibu nani, ubishi upi umekwisha na upi ungali moto. Ramani humwonyesha kwa mtazamo mmoja makundi ya waandishi: hawa wanazungumza juu ya fedha zinazopelekwa nyumbani na wahamiaji, hawa juu ya ukame na kuhama, hawa juu ya mji, hawa juu ya bahari. Aidha humwonyesha mahali ambapo makundi mawili yanachunguza jambo moja bila ya kujuana. Kumkutanisha mtu na mwenzake ambaye hakumjua ni wema, na ramani huutenda wema huo bila ya kuchoka.

Kuna hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Kabla ya hesabu, daraja ya mwanachuoni ilipimwa kwa neno la wakubwa wachache waliokaa chumba kimoja. Neno lao laweza kuwa la haki. Laweza pia kuwa la upendeleo, la ukoo, la dini, au la chuo walichosoma pamoja. Hesabu haina mjomba. Haimjui mtoto wa rafiki, wala haikasirikii rangi ya mtu. Mwandishi asiye na mtu chuoni aweza kuielekeza na kusema: kazi yangu imesomwa, ushahidi ni huu. Kwa watu waliozoea kunyimwa kwa sababu zisizotajwa, kipimo kinachotaja sababu si kitu kidogo.

Basi kosa liko wapi? Jibu laweza kutafutwa katika ramani ya dunia yenyewe. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichora ramani kwa ajili ya mabaharia. Ilikuwa na sifa moja kubwa: mstari ulionyooka juu yake ulishika mwelekeo mmoja wa dira, na nahodha aliweza kuufuata. Ili kuipata sifa hiyo ilibidi nchi zilizo karibu na ncha za dunia zipanuliwe. Greenland ikaonekana kukaribia ukubwa wa Afrika, na kumbe Afrika ni kubwa kuliko hiyo takriban mara 14. Mercator hakusema uongo. Mabaharia waliitumia ramani yake wakafika. Kosa liliingia pale chombo cha baharia kilipotundikwa katika darasa la watoto kama kipimo cha ukubwa wa nchi. Ramani iliyo kweli kwa kazi moja yaweza kuwa uongo kwa kazi nyingine, bila ya mstari wake mmoja kubadilishwa.

Ramani ya wanachuoni imepatwa na msiba kama huo. Ilitengenezwa ili imwonyeshe mtu njia baina ya vitabu. Leo hutumiwa kupima thamani ya watu. Hapo ndipo upofu wake, ambao ulikuwa udhaifu tu, unapogeuka kuwa dhuluma. Upofu huo una sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni lugha. Faharasa kubwa zitumiwazo kuchorea ramani hizi, yaani Web of Science na Scopus, zimejaa makala za Kiingereza kupita lugha nyingine zote. Wataalamu wa Kiswahili wamekuwa na jarida lao, kwa majina mbalimbali, tangu miaka ya 1930. Lakini mtu akieleza kwa Kiswahili jinsi watu wa Tanga na Mombasa wanavyooana, wanavyozikana na kukopeshana kupitia mpaka, hawi duara dogo pembeni mwa ramani. Hayumo. Na atazamaye ramani haambiwi kwamba hayumo. Huonyeshwa weupe wa karatasi, akadhani ni bahari. Hapo elimu hujipinga yenyewe. Ilianza kwa kusema kwamba dunia haina kitovu kimoja. Ikichorwa, huonekana ina vitovu vichache vinavyosema lugha moja.

Sababu ya pili ni kwamba sifa huvuta sifa. Mwaka 1968 Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika makala juu ya jambo hili, akaliita kwa jina la Mathayo, kwa kukumbuka yasemwayo katika Injili hiyo kwamba mwenye kitu huongezewa. Alionyesha kwamba wanasayansi wawili wakishiriki ugunduzi mmoja, mwenye jina hupata sifa na asiye na jina husahauliwa. Makala hiyo ilitajwa mara nyingi mno. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka katika mahojiano ambayo Harriet Zuckerman aliyafanya na washindi wa tuzo ya Nobel. Baadaye Merton mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba makala ilistahili kutolewa kwa majina mawili. Kukiri kwake kulikuwa kwa kiungwana. Lakini hesabu haikurudi nyuma. Mwaka 1993 mwanahistoria Margaret Rossiter alilipa jina la Matilda, kwa ukumbusho wa Matilda Gage, tabia hii ya kazi za wanawake kuandikiwa wanaume. Ikiwa makala iliyofichua dhuluma ya sifa iliweza kuingia katika dhuluma hiyo hiyo, na mwandishi wake alikuwa mtu makini, basi si haki kudhani kwamba ramani zichorwazo na mashine zimesalimika.

Sababu ya tatu ni mikono isiyoandika. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo tangu mwaka 1964 ni Zambia, walichunguza maisha ya watu waliotoka vijijini kufanya kazi katika miji ya migodi ya shaba. A. L. Epstein na J. Clyde Mitchell ni miongoni mwa wale walioifanya fikra ya mtandao wa watu kuwa chombo cha elimu, na kitabu alichokihariri Mitchell, kilichotolewa mwaka 1969, hutajwa mpaka leo. Katika uchunguzi mmoja Epstein alitegemea habari za msaidizi wake Mwafrika, ambaye aliandika siku baada ya siku alikutana na nani katika mitaa ya Ndola, wakasalimiana vipi, wakazungumza nini, na kila mmoja alikuwa nani kwake. Mtandao uliochunguzwa ulikuwa maisha yake. Miguu iliyotembea ilikuwa yake, na masikio yaliyosikia yalikuwa yake. Mwaka 2001 Lyn Schumaker alitoa kitabu kilichoeleza kwa kirefu jinsi wasaidizi Waafrika wa taasisi hiyo walivyoshiriki katika kuiumba elimu yenyewe. Hata hivyo, katika ramani ya marejeo mtu wa Ndola hana duara. Elimu ya mitandao ya watu iliegemea mtandao wake, na mtandao wa elimu haukumweka ndani.

Yawezekana mtu kusema kwamba haya ni malalamiko ya heshima tu, na kwamba heshima haijazi tumbo. Sivyo. Ramani zimeingia katika mfuko. Kazi za vyuo, vyeo na fedha za utafiti hutolewa mahali pengi kwa kutazama hesabu za marejeo. Na jambo likiisha kuwa kipimo cha riziki, tabia za watu huanza kulifuata. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wapo waandishi waliopatana kutajana, na wapo waliojitaja wenyewe mpaka kurasa zikachoka. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi haina kelele. Mwanafunzi wa Mtwara aweza kutaka kuchunguza maisha ya Wamakonde, wanaokaa pande zote mbili za mto Ruvuma, wenye shamba upande huu na shangazi upande ule. Akiitazama ramani, ataona kwamba swali lake haliko karibu na duara lolote kubwa. Ataambiwa kwa upole kwamba achague swali lingine. Hakuna aliyemkataza, ramani imemkataza. Na watu wa Ruvuma, ambao wangefaidika endapo watunga sheria za mpaka wangejua jinsi nyumba zao zilivyo, watabaki bila ya msemaji, si kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwasemea, bali kwa sababu kuwasemea hakukuhesabiwa.

Desturi ya kuonyesha elimu ilikotoka haikuanzia Philadelphia. Katika pwani ya Afrika Mashariki na katika nchi nyingine za Kiislamu, mwanafunzi aliyekamilisha kitabu mbele ya mwalimu alipewa ijaza, na pamoja na ijaza alipewa silsila: fulani alisoma kwa fulani, naye alisoma kwa fulani. Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, akawa kadhi Zanzibar na kufariki huko mwaka 1925, alisoma Hadhramaut, akafika Istanbul na Cairo, na jina lake liliwafunga wanafunzi wa Afrika Mashariki pamoja na walimu wa ng'ambo ya bahari. Anne Bang aliifuatilia mitandao ya namna hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 2003. Jambo la kutazamwa hapa ni adabu iliyokuwamo. Katika silsila jina la mwalimu halikuwa pambo wala ushindi, lilikuwa amana. Mwanafunzi aliyelificha hakuonekana kuwa amejiongezea elimu, bali alionekana kuwa ameikata mizizi ya elimu yake mwenyewe.

Haifai desturi hiyo kupambwa kupita kiasi. Silsila nayo ilikuwa na upofu wake. Ilimtaja aliyesomesha ikamsahau aliyepika chakula cha darasa. Ilimtukuza mwenye nasaba, na mara nyingine ilimfungia mlango asiyekuwa nayo. Tofauti iko katika swali ambalo kila moja huuliza. Silsila huuliza: umepokea kwa nani? Hesabu ya marejeo huuliza: umetajwa na wangapi? La kwanza humgeuza mtu nyuma, kwa wale anaowiwa. La pili humgeuza mbele, kwa wale atakaowavuna. Elimu inahitaji maswali yote mawili. Lakini palipo na la pili tu, shukrani hufa na hubaki mashindano.

Hapa mpinzani mwenye akili atatoa hoja mbili. Kwanza atasema kwamba haiwezekani kuchora kila kitu. Mchoraji akitakiwa amtaje kila msaidizi, kila mkalimani, kila mzee aliyehojiwa na kila mama aliyempa mgeni maji ya kunywa, ramani haitakwisha, na ramani isiyokwisha haimfai msafiri. Pili atasema kwamba si kila mtu apendaye kuonekana. Mhamiaji asiye na karatasi alimweleza mtafiti njia aliyopita kwa sharti kwamba jina lake lifichwe. Kumchora ni kumsaliti.

Hoja zote mbili ni za kweli, na ukweli wake unasaidia kulipata jibu. Vipo vimya vya namna mbili. Kimya cha kwanza humlinda mtu. Cha pili humsahau. Kwa nje vinafanana, kwa kuwa karatasi katika hali zote mbili ni nyeupe. Kwa ndani vinahitilafiana kama vile kumfunika aliyelala na kumfukia aliye hai. Kinachovitenganisha ni tamko. Anayelinda husema: hapa nimeficha, na sababu yangu ni hii. Anayesahau hasemi neno, kwa kuwa hajui kwamba pana neno la kusemwa. Basi deni la mchora ramani si kuchora kila kitu. Deni lake ni kusema alisimama wapi alipochora, na ni nini ambacho kutoka hapo hakuweza kukiona au hakupaswa kukionyesha.

Kwa nini hili liwe deni, na lisiwe hisani tu? Kwa sababu mchora ramani anafaidika kwa imani ya watu. Watu wanapoamini kimya chake kama ushahidi, anakuwa shahidi, atake asitake. Na shahidi hawajibiki kujua yote. Huwajibika kusema alichokiona, alikionea wapi, na mahali ambapo macho yake yaliishia. Shahidi asemaye kwamba hapakuwa na mtu chumbani, na kumbe alichungulia kwa tundu la ufunguo, hajasema uongo wa maneno. Lakini amempoteza hakimu.

Mfano wa uaminifu huo ni wa zamani. Mwaka 1154, mjini Palermo, al-Idrisi alikamilisha kitabu na ramani za dunia kwa amri ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, baada ya kazi ya takriban miaka 15. Katika utangulizi wake alieleza jinsi habari zilivyopatikana: wasafiri waliitwa, wakaulizwa pamoja na mmoja mmoja, waliyokubaliana yakachukuliwa, na waliyohitilafiana yakaachwa. Kusini iliwekwa juu, na Palermo haikufanywa kuwa kitovu cha dunia. Ramani zile zilikuwa na makosa mengi, hasa katika nchi zilizokuwa mbali. Lakini msomaji aliambiwa kwamba nyuma ya mistari walikuwapo watu waliosafiri, na kwamba mfalme na mwanachuoni wake walikuwa wasikilizaji wao. Anayechora leo mitandao ya wanachuoni ana kompyuta ambayo al-Idrisi hakuweza kuiota. Itakuwa ajabu akipungukiwa na ukurasa mmoja wa utangulizi.

Kulilipa deni hili hakushindi nguvu za mtu. Mchoraji aweza kutaja chini ya ramani yake faharasa aliyoitumia, lugha zilizomo na zisizomo, na miaka iliyohesabiwa. Mwandishi wa makala aweza kuwataja wasaidizi wake kama washiriki, pale wanaporidhia, na si kama vibarua wa shukrani za mwishoni. Chuo chaweza kukataa kumpa ramani kazi ya hakimu, kikazisoma kazi zenyewe kabla ya kumpandisha au kumnyima mtu cheo. Hata weupe wa karatasi waweza kupunguzwa. Mwaka 1997 Brazil ilianzisha SciELO, ili majarida ya nchi za Amerika ya Kusini yaonekane kwa lugha zake. Na tangu mwaka 1998 mpango wa African Journals Online umekuwa ukiyakusanya majarida ya Afrika yaweze kusomwa kila mahali. Mwaka 2015 wataalamu wa vipimo vya elimu walitoa tamko la Leiden lenye kanuni kumi, na mojawapo hutaka ulindwe ubora wa utafiti uhusuo mahali watu walipo, hata kama haukuandikwa kwa Kiingereza. Tamko hilo lilitoka kwa wapimaji wenyewe. Ni jambo la heri mpimaji anapokuwa wa kwanza kusema kwamba mizani yake ina mipaka.

Lakini hakuna kanuni iwezayo kufanya kazi ya moyo. Mwanafunzi wa Mtwara atakapoitazama ramani na kuona weupe mahali penye mto wake, atakuwa na njia mbili. Aweza kuondoka akatafute makao karibu na duara kubwa, na hatalaumiwa, kwa kuwa naye ana riziki ya kutafuta. Au aweza kuutazama weupe ule na kuukumbuka mtumbwi, shamba na shangazi, akatambua kwamba palipo peupe karatasini pana watu katika nchi. Elimu ya mafungamano ya mahali na mahali ilianza kwa mtu aliyetambua hivyo. Itaendelea kuwa elimu ya kweli kadiri watakavyopatikana wengine wa kutambua, na kadiri wachoraji wa ramani watakavyokuwa na uaminifu wa kuwaambia kwamba peupe pale si bahari, bali ni mahali ambapo mchoraji hakufika.